Mozaiki za kizamani kwenye kuta za shawa: kwa anayejenga Kigoma

Ukinunua mozaiki ya kuweka kwenye kuta za shawa, unanunua mistari ya grauti, kile kijazio cha nafasi kati ya tailizi, kuliko tailizi zenyewe. Hilo ndilo jibu ninalowapa wageni wanaotoka bafuni kwangu hapa mtaa wa Mwanga, Kigoma, wakiniuliza nimezitoa wapi zile tailizi ndogo ndogo za kizamani. Wengi hawalipendi, wanataka jina la duka. Pa kununua nitawaambia, lakini kwa sisi tunaooga maji ya Ziwa Tanganyika, duka linakuja mwisho kabisa.

Piga hesabu kwanza. Chukua mita moja ya mraba ya ukuta. Ukiivisha tailizi za sentimita 30 kwa 60, mistari yote ya grauti ukiiunga inakuwa kama mita 5 tu. Mita hiyo hiyo ukiijaza vipande vya sentimita 2.5 vilivyoachana milimita 2, mistari inafika mita 74. Sasa shawa ya kawaida ina kuta tatu. Kila ukuta ukiwa na upana wa sentimita 90 na tailizi zikipanda hadi mita 2.1, eneo lote ni mita za mraba 5.67. Zidisha mwenyewe: zaidi ya mita 400 za grauti, ndani ya kachumba ambako ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Kila mita ya hizo 400 inahitaji kujazwa vizuri na kusuguliwa, na kila moja inaweza kupasuka.

Halafu kuna maji. Maji ya ziwa letu ni mazuri kwa kunywa na kwa samaki, lakini kwa tailizi si rafiki. pH yake inakaribia 9, yaani yana hali ya magadi, na yana madini ya magnesiamu kwa wingi. Huhitaji maabara kulijua hilo. Osha gari jeusi kwa maji ya bomba la mjini, liache likauke lenyewe juani, uone madoa meupe yanayobaki. Bafuni ni hivyo hivyo, ila huko madoa yanakutana na sabuni. Sabuni ya kipande inayopikwa kwa mafuta, zikiwemo hizi zetu za mawese, ikikutana na magnesiamu na chokaa vilivyomo kwenye maji inafanya utando mzito usioyeyuka. Kwenye tailizi kubwa unapitisha kitambaa mara moja, umemaliza. Kwenye mozaiki utando unajibanza kwenye mistari, unapata unyevu, kuvu inapata pa kushika. Sabuni ya maji ya kuogea haifanyi utando wa namna hiyo kwa sababu haitengenezwi kama sabuni ya kipande. Mama mkwe wangu haachi sabuni yake ya mawese kwa lolote, na mimi sina ubavu wa kumwambia. Akiondoka ninasugua.

Anayevuna maji ya mvua kwenye simtanki ana nafuu kubwa. Lakini tuseme ukweli, kiangazi kikifika hilo simtanki linajazwa na maji gani?

Sasa tuje kwenye mtindo. Ukimwambia muuzaji unataka tailizi za kizamani atakuletea chochote chenye maua. Tunachokiona kwenye picha za mitandaoni kina asili yake. Ni mtindo wa mabafu ya Marekani na Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, zama ambazo watu walianza kuwaogopa vijidudu na kuona kuwa bafu salama ni lile jeupe na gumu, linaloonyesha uchafu waziwazi ili uondolewe. Vituo vya treni za chini ya ardhi vya New York, vilivyofunguliwa mwaka 1904, vilivishwa tailizi nyeupe zinazong'aa za inchi 3 kwa 6, yaani kama sentimita 7.5 kwa 15, na mozaiki zikatumika kuandika majina na kutia mapambo. Majumbani mpangilio ulizoeleka hivi: zile za mstatili zinakaa ukutani, na vile vipande vidogo vya pembe sita au vya duara vinakaa sakafuni.

Hawakuwa wajinga. Sakafuni mistari mingi ni faida, kwa kuwa unyayo unapata pa kushika na vipande vidogo vinafuata mteremko wa kuelekea kwenye tundu la maji bila kukatwa-katwa. Ukutani hukanyagi na hakuna mteremko. Kwa hiyo anayevisha shawa nzima mozaiki kwa sababu anataka "ukale" anafanya jambo ambalo wenye ukale wenyewe hawakulifanya sana.

Mimi napenda mtindo huu, na naona unaufaa mji wetu kuliko tailizi kubwa za kuigiza marumaru ambazo sasa ziko kila nyumba mpya. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na stesheni yetu ya Mjerumani ni ya zama hizo hizo. Kitu cheupe chenye mstari wa kijivu hakionekani mgeni hapa. Lakini kuupenda hakunizuii kuupunguza. Nilichofanya ni hiki: kuta mbili za pembeni nikaweka tailizi nyeupe za mstatili za 7.5 kwa 15, ambazo mistari yake ni kama mita 20 kwa kila mita ya mraba. Ukuta mmoja tu nikaweka mozaiki. Na huo mmoja ni ule unaobeba bomba la shawa, kwa sababu mbili. Shawa inarusha maji kwenda mbele, hivyo ukuta ulio nyuma yake unapigwa kidogo kuliko wa mkabala. Ya pili ni ya kifundi: palipo na mabomba na koki, mozaiki ina raha yake. Badala ya kutoboa duara kwenye tailizi kubwa na kuomba Mungu isipasuke, fundi anang'oa vipande viwili vitatu kwenye wavu vilikobandikwa, anavimega kidogo kwa koleo, anavirudisha kuzunguka bomba.

Na hata hiyo mozaiki sikuchukua ya sentimita 2.5. Ukipanda hadi vipande vya sentimita 5, mistari inashuka hadi karibu nusu. Kwa macho, ukiwa umesimama mlangoni, tofauti ni ndogo sana. Kwa anayesugua, ni nusu ya kazi.

Kuhusu aina, nitaanza na inayowaponza wengi: mozaiki ya jiwe halisi la marumaru, nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Ni nzuri kupindukia. Maji ya ziwa yenyewe hayaidhuru. Kinachoidhuru ni dawa ya kuondoa kilichoachwa na maji. Utando mweupe unaondolewa kwa asidi: siki, ndimu, au zile dawa za kusafishia choo. Marumaru nayo ni jiwe la jamii ya chokaa, na asidi inaila. Utasugua doa la maji likitoka, mahali pake pamebaki doa la asidi, limepauka, halina mng'ao, na hilo halisuguliki. Zaidi ya hapo, marumaru nyeupe nyingine zina chembe za chuma ndani yake, na zikilowa kila siku zinaanza kutoa rangi ya kutu. Kwa mji wenye maji kama ya kwetu, mimi jiwe hilo naliacha kwa meza ya sebuleni.

Mozaiki ya kioo hailiwi na siki wala hainywi maji, lakini kila tone likikaukia juu yake utaliona, na nyuma yake lazima itumike gundi nyeupe kwa sababu kioo kinaonyesha kila kitu, hadi alama za mwiko. Zile zenye vipande vya rangi ya dhahabu au fedha zilizochanganywa, achana nazo ndani ya shawa. Rangi nyingi za namna hiyo ni za juu juu na zinachubuka. Kuna nyingine zinauzwa kwa sifa ya ukale kwa sababu uso wake una nyufa nyembamba mithili ya nywele, zimetengenezwa hivyo makusudi kiwandani. Hizo nyufa zinapitisha maji, na maji ya kwetu yakipita yanaacha chumvi ndani. Zinahitaji kupakwa dawa ya kuziba na kurudiwa kila baada ya muda. Ukutani jikoni sawa.

Iliyobaki, na ndiyo ninayoipendekeza, ni mozaiki ya poselini iliyopakwa mng'ao, si ule wa kioo kabisa, ule wa kati. Poselini hainywi zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake kwa maji, wakati tailizi za kawaida za ukutani zinavuka asilimia 10. Pima mwenyewe dukani: geuza kipande, dondosha tone la maji mgongoni. Likinyweka mara moja hiyo ni ya kawaida, likikaa linakutazama, hiyo ni poselini. Tailizi za mstatili za ukutani nyingi ni hizo za kawaida na hazina tatizo, uso wake umefunikwa na mistari yake si mingi. Poselini isiyopakwa mng'ao ndiyo ya kizamani hasa, na watu wa mitindo wataniona sijui kitu. Lakini uso wake wa kuparuza unashika utando wa sabuni, na mimi ndiye ninayesafisha.

Kabla ya kulipia mzigo, nunua shiti moja tu uende nayo nyumbani. Mozaiki inakuja ikiwa imebandikwa kwenye wavu, shiti moja kama sentimita 30 kwa 30, na watu huangalia mbele tu. Tazama nyuma. Gundi ya kiwandani ikiwa imefunika mgongo wote wa vipande, gundi ya fundi itashika hiyo gundi, haitashika tailizi. Kisha ilaze kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Shiti ya kwanza niliyoipima hivyo ilitoka duka ambalo sitalitaja. Asubuhi niliushika wavu kwenye ncha, ukaja mikononi mwangu peke yake. Vipande vyote vimelala chini ya ndoo, na ile gundi imekuwa uteute mweupe unaoelea. Fikiria kitu hicho kiko ukutani, nyuma yake kuna unyevu wa kila siku. Shiti niliyoichukua baadaye ililala kwenye ndoo ile ile, asubuhi nikaikunja na kuikunjua, hakikudondoka kipande.

Sasa ukuta, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mozaiki nyingi zinapoharibikia hata kama zilichaguliwa vizuri. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma. Tofali moja limepinda, jingine limevimba, na mafundi wamezoea kusawazisha kasoro hizo kwa tailizi kubwa: wanapaka simenti nzito nyuma, wanapima, wanagonga, tailizi inakaa sawa hata kama ukuta haujakaa sawa. Mozaiki haina mgongo wa kufanya hivyo. Fundi wangu, mzee wa Ujiji aliyejenga tangu ujana wake, nilipompa shiti ya kwanza aliitundika mkononi, ikalegea pande zote mbili. "Mama, hii ni tailizi au kitenge?" akaniuliza. Alikuwa amemaliza kueleza tatizo zima. Kila kibonde na kila kinundu cha ukuta kitaonekana juu yake.

Kwa hiyo kazi ni kwenye lipu. Mwambie fundi ausawazishe ukuta kwa rula ndefu ya alumini, ya mita 2, pamoja na pima maji, na aipitishe rula wima, ulalo na mshazari. Usiridhike na mchana. Rudi usiku na tochi, ibandike ubavuni mwa ukuta mwanga upite sambamba nao. Vinundu vyote vitatoa vivuli. Viweke alama kwa penseli, asubuhi visuguliwe. Mzee wangu alinicheka siku hiyo, lakini kesho yake alikuja na tochi yake mwenyewe.

Lipu ikikauka vizuri, na hapo nina maana wiki kadhaa si siku mbili, ipakwe dawa ya kuzuia maji. Watu wanadhani tailizi na grauti ndizo zinazozuia maji. Hazizuii. Grauti ya simenti inanyonya, na kwa mita 400 za kunyonya ukuta wa nyuma utajua. Kuna nyumba ya kulala wageni hapa mjini ambayo bafu zake zinapendeza, lakini chumba cha upande wa pili rangi inabanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa kitanda. Dawa ipakwe mara mbili, ya pili ikatize ya kwanza, na kwenye pembe na kuzunguka mabomba itiwe kitambaa chake. Ni kazi ya brashi tu, haihitaji mtaalamu kutoka Dar, inahitaji mtu asiye na haraka.

Ubandikaji wenyewe uwe kwa gundi ya tailizi ya mfuko, isiwe uji wa simenti. Apake kwa mwiko wa meno madogo, kisha alaze yale matuta kwa upande wa mwiko usio na meno, ndipo abandike shiti na kuigonga taratibu kwa kibao. Gundi ikizidi inachomoza katikati ya vipande na kuziba njia ya grauti. Jambo ambalo lazima ulisimamie kwa macho yako ni nafasi kati ya shiti na shiti. Ilingane na nafasi iliyopo kati ya kipande na kipande. Ikizidi hata milimita moja, ukuta wako utaonekana umegawanywa miraba mikubwa, na hakuna grauti itakayoificha. Kila baada ya safu mbili toka nje, simama mlangoni, tazama. Gundi ikiwa bado mbichi shiti inasogezwa kwa kiganja.

Na malipo mkubaliane mapema kwa siku, siyo kwa mita ya mraba. Fundi anayelipwa kwa mita atakimbia, na mozaiki haikimbizwi.

Grauti. Hapa Kigoma mazoea ni saruji nyeupe inayouzwa kwa kupimwa kilo. Kwa tailizi kubwa inapita. Kwa mozaiki usikubali, maana saruji tupu inasinyaa, inapasuka vinywele na baada ya muda inatoka unga. Nunua grauti ya mfuko. Mistari ikiwa chini ya milimita 3 chukua isiyo na mchanga, ikiwa zaidi chukua yenye mchanga. Ipo pia ile ya epoksi, ya kuchanganya vitu viwili, ambayo hainywi maji wala haihofii siki. Ni ghali na inakauka haraka, hasa kwa joto letu, hivyo ichanganywe kidogo kidogo na kufutwa papo hapo. Ikikaukia juu ya vipande, utaikuta hapo hadi nyumba irithiwe. Kama mfuko unaruhusu na fundi amewahi kuishika, itumie kwenye ukuta wa mozaiki pekee.

Rangi, achana na nyeupe. Kijivu cha majivu ndicho kinachozitenga tailizi nyeupe na kuzipa ile sura ya zamani, na doa la maji halionekani upesi juu yake. Kijivu kilichokolea sana nacho kina shida yake: chumvi nyeupe ya maji inaonekana juu yake kirahisi. Kwenye pembe ambako ukuta unakutana na ukuta au na sakafu, isitiwe grauti kabisa, itiwe silikoni ya rangi hiyo hiyo, kwa sababu pembe huchezacheza na grauti haichezi.

Kuagiza ni jambo dogo lakini lina mtego. Viwanda vya Mkuranga na Chalinze vinatoa zaidi tailizi kubwa, na ndizo zilizojaa madukani kwetu. Mozaiki kwa kawaida utaitoa Kariakoo, na kutoka Dar hadi huku ni zaidi ya kilomita 1,200. Mita moja ya mraba inataka shiti 11 hivi. Ukuta mmoja wa 90 kwa mita 2.1 unataka 21, agiza 24. Mwambie muuzaji akusomee namba ya toleo iliyopigwa kwenye kila boksi, ziwe zinafanana zote, maana weupe wa toleo moja si weupe wa jingine na ukutani utaiona tofauti. Ukipungukiwa shiti mbili ukaagiza tena, uwezekano wa kupata toleo lile lile ni mdogo. Zinazobaki zihifadhi. Siku bomba litakapopasuka ndani ya ukuta ndizo utakazozihitaji.

Baada ya hapo ni kutunza. Weka ndani ya shawa kile kifutio cha mpira cha kusafishia vioo, kila anayeoga avute maji ukutani kabla hajatoka, na dirisha libaki wazi. Utando ukishaanza, siki iliyochanganywa na maji inatosha, lakini lowesha ukuta kwa maji matupu kwanza ili grauti isiinywe siki, sugua, suuza hapo hapo. Watoto wangu kifutio wanakitumia kwa zamu, mkubwa anapokuwa nyumbani. Asipokuwepo, hesabu zile za mita za grauti zinarudi kwangu.